Kiapo cha Opera na Barua ya Mzee Ogola

Mheshimiwa Bwana D.O., Afisa wetu wa Wilaya, Bwana Stesheni Masta pamoja na Bibi, Mchungaji wetu, wazee wa kamati ya ukumbi, mafundi, madereva wa garimoshi, makuli na wake zenu, nanyi wageni mliotoka Njoro, Molo na Kabazi: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na ambaye sikumtaja asidhani nimemsahau, ni hofu tu.

Sauti yangu ikitetemeka, mnivumilie. Kamati ilimchagua Bwana Kiptanui azungumze, kwa kuwa akinong'ona Nakuru husikika Lanet. Jana nilimwendea nikamwomba nafasi yake. Alinitazama akasema, "Wewe? Wewe karani unayebisha hodi kwenye ofisi yako mwenyewe?" Nikamjibu kwamba ndiyo, mimi.

Nilimwomba kwa sababu nina jambo, nami nalitaja mapema nisije nikapata njia ya kulikimbia. Leo Mzee Zakayo Ogola anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika stesheni hii. Desturi yetu mnaijua: mzee akistaafu, husomewa mbele ya watu barua ya utumishi mwema. Tazameni meza. Kuna saa ya ukutani, kuna blanketi jipya, kuna keki aliyoioka Mama Nasimiyu. Barua haipo. Haipo kwa sababu ya ukurasa mmoja wa opera yetu, na kabla sijaketi nitawaambia ukurasa ule uliandikwa na nani.

Nani kati yetu hajui kazi ya Mzee Ogola? Garimoshi likiingia hushuka na nyundo yake, akagonga gurudumu moja baada ya jingine, akasikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria. Mwaka ule wa mvua kubwa alisimamisha behewa la abiria lililokuwa limekwisha kukaguliwa na watu wawili wenye miwani. Wakamwuliza, "Ufa uko wapi?" Akasema, "Sijauona, nimeusikia." Behewa likakokotwa karakana, na ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele.

Mtu huyo ndiye aliyeongoza kwaya yetu. Alitusikiliza jinsi anavyosikiliza magurudumu. Alipita nyuma yetu mmoja mmoja, kichwa amekiinamisha, kisha akasema, "Kiptanui, uko sawa, lakini punguza mvuke. Nasimiyu, mama, wewe ni kengele. Khaemba, kijana, una ufa. Simama karibu na ukuta." Nimesimama karibu na ukuta ule miaka miwili, ndugu zangu, nami naona fahari.

Sasa opera yenyewe. Nilipomaliza shule, mwalimu wetu Mmarekani alinipa sanduku la vitabu vikuukuu. Kimoja kilikuwa mchezo wa kuimba, wa kuchekesha, uliotungwa na Wafaransa karne iliyopita. Binti wa mwenye kinu cha unga anataka kuolewa na kijana msagaji, lakini baba yake amemwahidi kwa bwana mkubwa mzee mwenye nywele za bandia. Wamarekani walipouchukua kwa ajili ya majukwaa yao hawakuuacha ulivyokuwa. Yule bwana mkubwa wakamfanya mwanasiasa anayeomba kura, kinu wakakihamishia kando ya mto wao mpana, na mizaha ya Kifaransa wakaiondoa, wakatia ya kwao. Nikajiuliza, kama Mmarekani aliruhusiwa kumtengeneza upya Mfaransa, kwa nini sisi wa reli ya Nakuru tusimtengeneze Mmarekani?

Hofu yangu ilianza na yule bwana mkubwa. Nikimfanya chifu, machifu watakasirika. Nikimfanya mkulima mwenye shamba kubwa, nitakasirikiwa na watu wakubwa zaidi. Nikimfanya mkubwa wa reli, kesho nitakula wapi? Mwishowe nikamfanya tajiri wa nchi ya mbali ambayo haina reli. Mnacheka, lakini hayo ndiyo mawazo yaliyoninyima usingizi.

Hofu hiyo yote niliipeleka mahali pasipofaa. Niliogopa nywele za bandia, nikapita palipokuwa na hatari nikiwa natembea wima. Katika ukurasa wa thelathini na moja, rafiki wanne wa yule binti hukutana nyuma ya kinu, hushikana mikono, na kuapa kumficha mpaka harusi ya yule mzee ivunjike. Mwalimu wangu alinifundisha kwamba mfasiri anayeruka mstari ni mwizi. Basi sikuruka. Niliandika wazi, kwa mwandiko safi: "Tunaapa sote, na atakayefichua siri hii afe."

Bwana D.O., wewe unajua, na kila mtu katika ukumbi huu anajua, neno kuapa lina uzito gani katika nchi hii tangu Hali ya Hatari itangazwe. Watu wamechukuliwa kwa ajili ya neno hilo. Mimi nililipeleka ofisini kwako katika nakala mbili, pamoja na barua ya kuomba kibali.

Tuliitwa siku ya tatu, Mzee Ogola kama kiongozi, mimi kama mwandishi wa kamati. Bwana D.O., hukutupigia kelele. Uliweka kidole juu ya ukurasa ukauliza, "Nani ameandika haya?"

Nilijua jibu. Lilikuwa neno moja, jepesi kuliko yote niliyofasiri. Nikabaki nakitazama kidole chako. Ndipo nikasikia sauti kando yangu ikisema, "Ni mimi, bwana. Wimbo ulitaka maneno ya kuujaza, nami ni mtu wa nyundo, si mtu wa maneno."

Ukayafuta maneno yale kwa kalamu nyekundu, ukatupatia kibali, na kama ilivyokuwa wajibu wako ukaandika taarifa kwa wakubwa wa reli. Tulipotoka nje nilimwambia, "Mzee, turudi niseme." Akanijibu, "Rudi ukaseme nini? Wewe ndiyo kwanza unaanza kazi, mimi nimebakiza miezi minne. Gurudumu jipya halitupwi kwa doa la mafuta. Twende, kwaya inangoja." Wala hakulitaja tena.

Mchezo wenyewe mliuona. Lakini nani aliwaeleza kilichotokea pale nyuma ya kinu? Maneno yalikuwa yamefutwa, sauti zilibaki, nasi hatukuwa na siku za kutunga mengine. Mzee Ogola akaamua wale wanne waimbe noti tupu: do, mi, sol, sol, la, sol. Tulidhani watu watacheka kidogo tusonge mbele. Tulisahau sisi ni watu gani. Sisi sote humu tumefundishwa nyimbo kanisani kwa njia moja tu: mwalimu huimba noti, na watu wote huzirudia. Basi wale wanne walipoimba "do, mi, sol" na kunyamaza kupumua, watu mia tatu wakaitikia, "Do, mi, sol!" kwa sauti nne, bila kuambiwa. Wamama wa nyuma wakasimama ili wasikie vizuri sauti ya pili. Mchungaji, samahani, wewe ndiwe uliyeongoza besi.

Kiptanui, tajiri wetu wa nchi isiyo na reli, alikuwa nyuma ya pazia. Akanishika shati: "Karani! Ukumbi mzima unaapa!" Nikamwambia, "Nyamaza, hawajui." Akasema, "Na D.O. je?" Nikachungulia. Bwana D.O., unisamehe, ulikuwa ukipiga mguu. Uliimba nasi mpaka noti ya la.

Hapo nilicheka mara ya kwanza tangu siku ya kibali. Nikamtazama Mzee Ogola. Mikono yake ilikuwa juu, akiongoza jukwaa kwa mkono mmoja na watu kwa mwingine, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepata garimoshi zima lisilo na gurudumu hata moja lenye ufa. Mama Nasimiyu aliniambia baadaye, "Mwanangu, hata nikifa kesho, nimeimba Kifaransa." Sikuwa na moyo wa kumweleza alichoimba.

Lakini sherehe ile ilipita, na taarifa ikabaki katika faili. Juma lililopita Mzee Ogola aliulizia barua yake, akaambiwa haitatolewa kwa sababu ya "mwenendo wenye mashaka". Alirudi na nyundo yake kwenye reli namba mbili akaendelea na kazi. Huenda wengine wenu mnasema barua ni karatasi tu. Si karatasi tu. Shule ya kanisa kwao, ng'ambo ya Kisumu, imemwomba awe mwalimu wa kuimba, na halmashauri yake imesema wazi kwamba haitampokea mtu wa reli asiye na barua ya mwajiri wake. Ataondoka Alhamisi. Akiondoka mikono mitupu, watoto wale watamkosa mtu anayeweza kusikia ufa mwembamba kama unywele, kwa sababu mimi sikuweza kutamka neno moja.

Namwona mzee ananiashiria niketi. Mzee wangu, nimekutii miaka miwili karibu na ukuta. Leo niruhusu nikukaidi.

Bwana D.O., Bwana Stesheni Masta, ukurasa wa thelathini na moja niliuandika mimi. Mzee Ogola hasomi Kiingereza, na kitabu kile kilikuwa cha Kiingereza, angefasiri nini? Mwandiko linganisheni na daftari lolote la ofisi ya mizigo. Kwa kuwa nimeanza kusema kweli, karatasi nayo ilikuwa ya ofisi. Naomba jina la Mzee Zakayo Ogola lifutwe katika taarifa ile, na mahali pake liandikwe Josephat Khaemba, karani wa daraja la tatu. Adhabu yoyote itakayofuata nitaipokea, nikitetemeka, bila shaka, lakini nitaipokea. Leo ni Jumanne. Barua moja huandikwa kwa nusu saa, na kama taipisti hayupo, mimi hupiga taipu maneno arobaini kwa dakika.

Mzee Ogola, tafadhali simama. Watu wote na wakuone.

Sina zaidi. Nawashukuru ninyi wakubwa na ninyi ndugu, kwa kuwa mmeniacha nikafika mwisho.