Chai ya Kijani na Vidole vya Fundi

Benchi lilikuwa la wateja, ubao mmoja juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu, lakini wateja walishalikatia tamaa. Kila asubuhi waliligeuza kijiwe Redio, kinyozi wa jirani asiyepitwa na habari, na Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Zamani walikunywa kahawa. Tangu vidole vya Fundi vianze kuvimba, birika likahamia kwenye chai ya kijani, nao wakainywa vilevile, chungu, bila sukari. Breki alisema mwenzako akinyolewa zako tia maji, na hakuna aliyemuuliza methali hiyo imeingiaje hapo.

Fundi aliumwa kwelikweli. Vifundo vilikuwa vimejaa, vyekundu, na asubuhi vidole havikunjiki. Kliniki walimwambia ugonjwa wake unakula viungo, wakampa vidonge. Muuguzi akamwambia chai anywe akipenda, huenda ikamsaidia kidogo, ila vidonge asiache. Kijiweni ujumbe ulifika nusu: chai anywe.

Siku moja Fundi aliwauliza mbona maumivu yanazidi.

— Unakunywa kidogo, — akasema Breki. — Haba na haba hujaza kibaba.

— Si kidogo, ni nyepesi, — akasema Redio. — Majani yachemke mpaka kijiko kisimame.

Breki akaeleza kwamba uvimbe ni joto tu, na chai ni maji ya rejeta. Nani aliona injini imechemka ikapewa kidonge? Redio naye hakukubali kupitwa. Alisema vidonge vina wivu: vikisikia harufu ya chai tumboni, vinauma makusudi. Akaugonga mfuko wa shati la Fundi, ilimolala pakiti ya vidonge, haijaguswa tangu mvua zianze.

— Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu.

Fundi akacheka, akanywa. Aliwaamini kwa sababu alitaka kuwaamini. Kidonge kilimwita mgonjwa. Chai ilimwita mwenzao. Na kazi yenyewe sasa ilikuwa ya watu watatu: yeye anabana kiatu magotini na kusukuma sindano nene kwa kiganja, Redio anatunga uzi, Breki anauvuta. Mteja akichungulia, wale wawili wanaachia haraka na Fundi anajikohoza. Waliona wanamsitiri.

Ndipo akaja mke wa mwashi, mteja wa miaka mingi, ameshika buti moja la mumewe. Soli ilikuwa imeachama mbele kama mdomo.

— Shikamoo, Fundi.

— Marahaba, mama. Baba watoto hajambo?

Hakuwa mzima. Soli iliachia akiwa juu ya ngazi na ndoo ya zege begani, akaanguka. Sasa amelazwa, miguu haisikii, na madaktari hawasemi kitu. Mama yule aliyasimulia hayo kwa sauti ya chini, bila kumtupia mtu lawama, kisha akaugeuza mshono juu. Ulikwenda upande, uzi umelegea.

— Uzi wako naujua, Fundi, hauachii. Hili alishona nani?

Breki aliangalia ndani ya kikombe chake. Redio akawa anauzungusha uzi kidoleni.  Fundi alinyoosha mikono apokee buti, aseme ni yeye, lakini vidole havikufunga, na buti likaanguka chini kati ya miguu yao.

Mama akavitazama vidole vile. Akawatazama na wale wawili, mmoja bado ana uzi mkononi. Aliinama akaliokota buti, akaketi kwenye benchi, mahali pa wateja, akalipakata.

— Nawauliza, — akasema. — Akiniuliza, nimwambie alishona nani?

Birika lilikuwa bado limejaa. Hakuna aliyemimina.