Wimbo Kwanza, Petroli Baadaye

Ijumaa, tarehe 31 Agosti 2018, Papa Gaston Kalenga anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kulinda makazi yetu hapa Midrand. Pikipiki zetu za magurudumu manne zitapumua. Sisi tuliomzoea ndio tutakaopata taabu.

Alitoka Lubumbashi, akaanza kazi getini, akiwasalimu wakazi kwa Kifaransa mpaka wakazoea kumjibu. Zilipokuja pikipiki za doria, alikuwa wa kwanza kuziendesha, na tangu hapo kila dereva amepita mikononi mwake. Helmeti kichwani, mtu mmoja kitini, na mteremkoni hakuna ushujaa. Mwenye haraka, husema Papa, akaombe kazi kwenye teksi.

Umaarufu wake, lakini, uko kwenye banda la mafuta. Injini huzimwa, simu huwekwa mbali, dumu hushushwa chini, kisha wote huimba wimbo mrefu alioitungia kwaya ya kanisa lake kule mtaa wa La Rochelle. Beti zote nne, polepole, mpaka injini ipoe. Meneja wetu, Bwana Mureithi, wiki yake ya kwanza aliuliza kwa upole ibada ile ni ya dhehebu gani. Siku hizi anaimba besi, tena vibaya.

Agosti ya mwaka juzi majani makavu yaliwaka nje ya ukuta, na upepo ukausukuma moto kuelekea kwenye nyumba. Papa akaingia bandani na pikipiki inayochemka, tangi limekauka, akanyakua dumu hapo hapo. Clémentine, dereva aliyefundishwa na Papa mwenyewe, akafunika mdomo wa tangi kwa kiganja na kuanza kuimba peke yake. Papa alimfokea mbele ya watu. Eish, hatukuwahi kumwona hivyo! Clémentine hakuondoa mkono. Kwenye ubeti wa pili, Papa akaitikia.

Walipojaza, Papa aliinamisha dumu kwa pupa na petroli ikamwagikia injini. Ilikuwa imeshapoa. Wakafuta, wakaacha ikauke, wakaondoka, na moto ukazimwa kabla haujavuka ukuta. Bila mkono ule, leo tungekuwa tunaandika taazia.

Kisa hiki Papa humsimulia kila dereva mpya, bila kujipendelea hata kidogo. Tunampenda kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Kuanzia Jumatatu, mafunzo yatakuwa mikononi mwa Clémentine.

Asante, Papa Gaston. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na amani nyumbani, ingawa Mama Sagesse, mkeo, ameshatuonya kwamba jiko lake la gesi halihitaji kwaya. Ijumaa tukutane bandani. Tutaimba beti zote nne, kisha tutaanza tena mwanzo, maana safari hii hakuna hata mmoja wetu anayetaka wimbo uishe.

Apondi, chumba cha redio