Maman Marcelline, Aliyewaamini Wateja Kabla ya Mawakili

Tarehe 31 Julai 2024, Maman Marcelline M'Akonkwa anastaafu baada ya karibu miaka thelathini na minne kwenye mapokezi ya kabine yetu ya mawakili hapa Bukavu. Aliingia Septemba 1990, msichana aliyetoka tu kumaliza masomo ya ukatibu. Anaondoka akiwa bibi wa wajukuu, na hakuna wakili kati yetu ambaye hajawahi kukaripiwa naye.

Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kupokea watu, kupiga barua kwa mashine na kupanga tarehe. Kazi yake halisi ilikuwa nyingine. Mtu anayetafuta wakili mara nyingi amekwisha kuumizwa na wakili mwingine, na maumivu hayo huyamwaga kwa mtu wa kwanza anayemkuta mlangoni. Marcelline alisikia habari za mawakili walioahidi ushindi kabla hata hawajafungua dosie, yaani faili la kesi, mawakili waliobadili namba za simu, na mmoja aliyelala usingizi mbele ya jaji. Alisikia mazuri pia. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kadutu alimpelekea kuku kila Noeli kwa sababu wakili wetu alimwambia ukweli tangu siku ya kwanza: kesi yake ilikuwa mbovu, arudi nyumbani apatane na jirani yake. Alirudi, akapatana. Wakili hakupata kuku hata mmoja.

Alikuwa na makosa yake. Alichagua mwenyewe nani asubiri na nani aingie, na vigezo vyake hatukuvijua kamwe. Siku moja alimweka msimamizi mkubwa wa kanisa nyuma ya muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwenye mtoto mgonjwa, kisha akamwambia mheshimiwa huyo aliyekuja na kijana wa kumbebea mwavuli: "Papa, weye uko na mutu wa kukushikia parapluie. Ngoja kidogo."

Lakini kosa lake kubwa ndilo lililotufaa kuliko yote, nami nimeomba nipewe nafasi ya kuliandika. Nina umri mkubwa na kifua changu hakinipi tena ahadi ndefu. Ni vizuri alisikie kutoka kwangu.

Mwaka 1993 nilikuwa ninamtetea mjane mmoja, Bintu, mkazi wa Kadutu. Mume wake alipofariki, shemeji yake Constantin alishuka kutoka Kalehe na kudai nyumba kwa jina la ukoo. Alipendekeza mapatano: Bintu atie sahihi, arudi kwa wazazi wake Lwiro, nyumba na watoto watatu vibaki kwa Constantin. Bintu alikataa, akaja kwetu.

Asubuhi ya kesi nilisahau joho langu ofisini. Marcelline alilileta tribunali, akakaa kwenye benchi ya mlangoni pamoja na Bintu. Wakiwa pale waliniona nikikutana na wakili wa Constantin, Maître Placide. Tulikumbatiana, tukaitana confrère kama mawakili wote wanavyoitana, tukacheka kwa sauti. Tukaingia, tukasema maneno machache ya Kifaransa, na jaji akaahirisha kesi.

Bintu alimuuliza jirani yake wa benchi: "Maman, ni nini basemaka pale?"

Marcelline hakuwa amesikia neno. Alijibu alivyoona: "Maman, miye naona banakuuzisha."

Mfanyakazi wetu mwenyewe, aliyetoka tu kuniletea joho! Aliposikia kwamba anauzwa, Bintu aliondoka bila kuniaga. Jioni ile alipeleka habari kwa Constantin kwamba atatia sahihi siku ya Jumapili, mbele ya ukoo. Kwa nini apambane, ikiwa mtetezi wake anamkumbatia adui?

Ijumaa Marcelline alisikia habari hiyo sokoni. Akaingia ofisini kwangu, akanieleza yote, pamoja na sentensi yake ya kwenye benchi. Hakuomba msamaha. Aliuliza: "Maître Ezéchiel, nilikosa ao sikukosa? Kama nilikosa, weye ulikuwa nachekea nini?"

Nilimjibu kwa hasira. Nilimwambia kwamba Placide nilisoma naye, kwamba kusalimiana ni desturi ya kazi yetu, kwamba nilicheka kwa sababu alikuwa ameteleza katika matope ya Nyawera akiwa na viatu vipya, na kwamba kesi iliahirishwa kwa kuwa shahidi wa ukoo hakufika. Yote yalikuwa ya kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mimi nimesikia. Lakini nyumba si yangu. Twende umuambie yeye."

Wakili kupanda Kadutu kwenda kujieleza kwa mteja! Jambo hilo halikuwa likifanyika. Mteja ndiye aliyekuja, akasubiri, akaambiwa tarehe nyingine. Hata hivyo Jumamosi tulipanda, Marcelline mbele, mimi nyuma nikihema. Bintu alikuwa tayari anafunga masufuria kwa kamba.

Nilianza kwa Kifaransa, kwa mazoea. Marcelline akanikata: "Mu Kiswahili, Maître. Mupaka asikie."

Nikarudia yote kwa Kiswahili, mpaka na viatu vya Placide. Bintu hakucheka. Akaniuliza: "Kama unamukumbatia ivi, siku ya kumupiga utamupiga na nini?"

Nikamwambia kwamba nitampiga na sheria, na kwamba urafiki wetu unaishia mlangoni pa chumba cha jaji. "Basi siku ingine," akasema, "uniambie mbele: Bintu, nitamupa ule muntu mukono, usiogope. Na tukitoka, uniambie bilisemwa nini. Yote." Nilikubali. Akaanza kufungua kamba za masufuria. Jumapili ukoo ulikusanyika, ukasubiri sahihi, ukatawanyika.

Sasa jambo ambalo Marcelline halijui. Wakati tunateremka Kadutu nilikuwa nimekwisha kuamua kumfukuza. Nilikuwa nimemwomba mtawa mmoja wa parokia anitafutie msichana mwingine. Jumatatu nilifika mapema kwa kazi hiyo, nikamkuta Bintu kwenye mapokezi na majirani zake wawili, kila mmoja na kesi yake. Bintu alikuwa akiwaeleza: "Huyu Maître anafikaka mupaka kwako." Nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikaahirisha. Kwa hiyo Marcelline hakuokolewa na busara yangu. Aliokolewa na wateja wapya. Baadaye nilisifiwa mara nyingi, hata na vijana wa chuo kikuu, kwa desturi yetu ya kumweleza mteja kabla na baada ya kila kesi, kwa Kiswahili au Mashi. Niliipokea sifa hiyo nikiwa nimekaa. Ilikuwa ya Bintu, na ya katibu aliyethubutu kuniuliza nilichekea nini.

Desturi hiyo haikuponya kila kitu. Papa mmoja kutoka Shabunda alipoteza kesi yake nasi, akaelezwa vizuri sana kwa nini amepoteza, akaondoka akisema maelezo hayaliwi. Marcelline alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi hakuongea na wakili husika mpaka siku ya pili.

Kwa Bintu, hukumu ilitoka baada ya zaidi ya mwaka: nyumba ikabaki kwake na kwa watoto wake. Placide, marehemu sasa, alikuja kunipongeza. Bintu akaingia katikati yetu, akamnyooshea mkono yeye mwenyewe: "Leo na miye nipatie."

Kwa niaba ya mawakili, makatibu na wote waliowahi kusubiri mbele ya meza yake, tunamshukuru Maman Marcelline. Vijana mnaobaki, msiseme mna haraka. Mteja anayeogopa kuuliza tayari anapoteza kitu.

Hotuba zitasomwa ofisini, lakini chakula hakitakuwa ofisini. Bintu amekataa. Ameagiza kila mtu apande Kadutu, kwenye nyumba ileile, ambapo yeye na binti zake wanapika tangu jana. Miguu yangu haipandi tena mlima ule. Mle na sehemu yangu.

Maman Marcelline, pumzika na afya njema, kati ya watu wanaokuambia ukweli kwa lugha unayoisikia.

Maître Ezéchiel, mwanzilishi wa kabine