Verlyn Haugstad na Jopo Lililoitwa Tena

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Verlyn Haugstad anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kulinda jopo katika mahakama ya kaunti yetu hapa Montana. Kazi yake ilikuwa kuwatunza raia kumi na wawili wanaoamua kesi: kuwapa kahawa, kuwazuia wasisome magazeti, kuwafungia mlango. Wao waliisifu kahawa ile. Sisi tulioinywa kila siku tunanyamaza.

Machi 1998 alilinda jopo la kesi ya wosia. Corrine Tveit alimuuguza mama yake miaka minne, na mama akamwachia nyumba. Kaka yake alidai saini ni ya kughushi. Jopo lilijaza fomu: wosia ni halali, ulisainiwa tarehe tisa. Jaji Whitlatch akawashukuru, akawaruhusu waende. Ndipo alipoitazama fomu tena. Mama alifariki tarehe saba ya mwezi huohuo.

"Verlyn, warudishe! Wasiongee na mtu!"

Verlyn alitoka mbio kwenye ukungu mzito wa alasiri. Kumi na mmoja walikuwa bado uwanjani, kila mmoja kando ya gari lake, injini zimezimwa. Hawakuweza kueleza kwa nini hawajaondoka. Wa kumi na mbili, Bi. Dagny Ostlund, hakuonekana.

Alimkuta katika chumba cha jopo, ameketi na koti lake mwilini. Verlyn alikuwa amekifunga chumba hicho mwenyewe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Mimi, karani, nilikuwepo jaji alipowahoji mmoja mmoja, maana aliyekwisha kuongea na mtu wa nje hawezi kurudishwa joponi.

"Bi. Ostlund, umeongea na mtu yeyote tangu niwaruhusu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Yeye ndiye aliyeongea."

"Nani?"

"Bibi mmoja. Alinishika bega. Mikono yake baridi, jamani!"

"Alisema lolote kuhusu kesi?"

"Alisema tu, 'Bado.'"

Jaji akawarudisha kazini. Walitoka baada ya dakika kumi: tarehe nne, si tisa, mwandiko wa kwenye wosia ndio uliowachanganya. Corrine alilia. Nyumba ikabaki yake.

Tangu siku hiyo, Verlyn hafungi chumba kile bila kugonga kwanza na kusema, "Haya, nendeni nyumbani." Hakuna aliyewahi kumcheka.

Asante, Verlyn, kwa uaminifu na uvumilivu wako. Upate afya, mapumziko na samaki wa kutosha huko ziwani.

Jumatatu nitagonga mimi.