Chef Eugène Ngabu na Kartoni za Sungura

Tarehe 31 Julai mwaka huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bwana Eugène Ngabu, msimamizi wa nyumba ya wanyama katika labo yetu ya magonjwa ya mifugo hapa Bunia, anastaafu. Anaondoka akiwa na afya njema, macho makali, na sauti ileile ambayo wengi wetu tuliijua kabla ya kuijua sura yake. Maneno haya yameandikwa kwa heshima yote. Palipo na kosa, tunaomba lihesabiwe kuwa la upigaji chapa.

Chef, kama sote tunavyomwita mkubwa wetu, alizaliwa Fataki, akasomea mifugo, na alipoajiriwa alikuta nyumba ya wanyama ni chumba kimoja chenye sungura wachache na mlango usiofungika. Sungura hao ndio wanaotupatia damu kidogo ya kupimia magonjwa ya ng'ombe na mbuzi. Chef alileta vizimba vya chuma, sakafu ya saruji, na harufu ya dawa ya kusafishia ambayo hadi leo humfuata mfanyakazi mpaka kanisani.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi kukumbuka: kizimba safi ni kizimba kitupu. Hakuna majani, hakuna kijiti, na kila sungura peke yake. "Sungura iko na nyumba, iko na maji, iko na chakula. Inataka nini tena?" Hivyo ndivyo alivyomjibu kila aliyeuliza, na baada ya muda hakuna aliyeuliza.

Sungura walijibu kwa njia yao. Wengine walitafuna vyuma tangu asubuhi hadi saa ya kufunga kazi. Wengine walijing'oa manyoya ya ubavuni, na mmoja alizunguka palepale hadi tukaacha kumtazama. Chef, ambaye si mtu wa kulaumu uongozi ovyo, alithibitisha kwamba ni tabia mbaya ya ukoo wao. Majibu ya damu nayo yalikuwa yakibadilika wiki hadi wiki bila sababu. Lawama ya hilo ilipewa umeme wa Bunia, ambao haujawahi kujitetea.

Mama Dorcas, anayesafisha vizimba, alikuwa na maoni tofauti. "Hata mutu wa gereza iko na kona ya kugeuzia watu mugongo," alisema siku moja Chef akiwa mkutanoni. Tunayaandika leo kwa kuwa barua ya kustaafu imekwisha kutiwa sahihi.

Basi Mama Dorcas akaanza kuleta kartoni tupu za sabuni kutoka sokoni. Liévin Kule, mlishaji wa wanyama, alizikata mlango, akaweka moja katika kila kizimba pamoja na bua la muhindi la kutafuna. Yote hayo yalifanyika wakati Chef amekwenda nyumbani kula. Alikuwa akirudi kwa pikipiki yake, na pikipiki ile, ikifika kwenye mlima ulio mbele ya geti, hukohoa kama muzee anayedai kiti. Ikikohoa tu, Mama Dorcas analia, "Eeh Mungu, ashafika!" na Liévin anapita mbio akikusanya kartoni. Chef akivua kofia yake ya chuma, vizimba vinang'aa.

Sungura hawakuwa wazito wa akili. Baada ya muda na wao walikijua kile kikohozi. Wakikisikia, walijisokomeza ndani ya kartoni na kukaza miguu, na Liévin alilazimika kuwamimina kama maharagwe.

Kisha ikaja siku ya ugeni. Daktari Emérance, mganga wa mifugo kutoka Kisangani, alikuwa anazunguka kuona wanyama wa labo wanavyotunzwa. Chef aliagiza pasionekane hata unyasi mmoja, akaenda kumpokea uwanja wa ndege. Alirudi ndani ya gari lililokodiwa kwa ajili ya mgeni. Gari lile halikohoi.

Mlango ulipofunguliwa, kila kizimba kilikuwa na kartoni. Sungura wamelala ubavu, miguu imenyooka, kama anavyolala mnyama asiye na deni na mtu. Mmoja alikuwa amepanda juu ya nyumba yake, anakula jina la sabuni. Liévin alisimama katikati na bua mkononi. Mama Dorcas alikuwa tayari anafungua aproni yake, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa.

"Nani alianzisha hii mambo?" Daktari akauliza.

Chef aliangalia kartoni. Akatuangalia sisi, mmoja mmoja, kwa yale macho. Kisha akasema, "Ni siye. Ni programu ya labo."

Daktari alifurahi sana. Alieleza kwamba sungura mwenye mahali pa kujificha, kitu cha kutafuna na mwenzake wa kulala naye haishi kwa hofu, na kwamba damu ya mnyama mwenye hofu hutoa majibu ya hofu badala ya majibu ya ugonjwa. Chef aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe yakirudiwa vizuri. Hivyo ndivyo alivyoanzisha rasmi programu yetu, na cheti chake kinaning'inia ofisini hadi leo.

Wanaotaka kucheka wacheke. Lakini ilikuwa rahisi kusema "Ni hawa," na jioni hiyohiyo kartoni zingechomwa na watu wawili wangekosa kazi. Chef alisema "siye". Hatujalisahau neno hilo.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyeitetea kartoni kama yeye. "Weye Liévin, huyu atajificha wapi? Weye ungelala hivi?" Kartoni iliyochanika ilitosha kumletea mtu demande d'explication, ile barua ya kutakiwa kujieleza, naye ajibu kwa maandishi kabla ya saa sita. Sungura wakaanza kukaa wawili wawili. Manyoya yakaota. Majibu ya damu yakatulia, ingawa umeme ulibaki vilevile. Majike wawili wazee Chef aliwaita kwa namba mbele yetu, na "bamama" alipodhani yuko peke yake. Hata sisi wa ofisini, tuliokuwa tumekaa miaka tukitazama ukuta mtupu na mlango wake, tulipata pazia na ua moja ndani ya kopo. Ua bado li hai.

Sasa Chef ameihama nyumba aliyopewa na kazi. Nyumba yake ya Fataki haipo tena tangu vita, mke wake amekwisha kupumzika kwa Mungu, na watoto wake wako Kinshasa. Amepanga chumba kimoja katika mtaa wa Mbunya. Mwezi uliopita Mama Dorcas na Liévin walimsaidia kubeba mizigo, wakakuta kitanda cha chuma, bidoni ya maji, balbu na kuta nne. Mama Dorcas akauliza alete nini kingine.

"Haina shida, mama. Niko na kitanda, niko na maji, niko na chakula. Nataka nini tena?"

Mama Dorcas alirudi labo akatusimulia. Sentensi ile tunaijua, na tunajua ilichowafanyia sungura. Na wiki hizi, wakati wa chai, tumemwona Chef aking'oa ndevu zake, upande mmoja tu. Tumezoea kumwogopa Chef. Safari hii tunaogopa kwa ajili yake.

Kwa hiyo asiulize kwa nini viti viwili hapa ukumbini ni vitupu. Wakati maneno haya yanasomwa, Mama Dorcas na Liévin wako Mbunya. Mwenye nyumba, Mama Agathe, amewapa ufunguo. Wanatundika pazia, wanaweka meza dirishani panapoonekana watu wa barabarani, na uani wanajenga banda la wale bamama wawili, ambao uongozi umekubali wastaafu pamoja na Chef wao. Mama Agathe ameweka sharti moja, wasiguse mboga zake za lengalenga. Na kila Alhamisi mlishaji mpya, anayeingia kumsaidia Liévin, atafika na maswali, ili Chef awe na mtu wa kugombeza.

Asante, Chef, kwa miaka yote, na kwa ile "siye". Ukae vizuri Mbunya, uwe na kona yako, jirani yako, na kitu cha kutafuna. Jioni hii pikipiki yako itakohoa karibu na kwa Mama Agathe, na Liévin ataisikia. Leo hataondoa kitu.