Mama Pumzi na Picha za Ini Lake

Ndugu, majirani, na nyinyi wa hospitali mliokuja na sare zenu, naomba mniazime masikio, mimi ni mdogo wake marehemu ninayemfuata kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ingawa najua yeye angetaka kuikagua karatasi hii kwanza.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati ambako mama yetu alikuwa mfagizi, akiwa mtoto wa pili kati ya watano na wa kwanza wa kike. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1979, kisha akajiunga na chuo cha wapiga picha za hospitali, akahitimu Novemba 1983, mwanamke pekee darasani, jambo ambalo baba yetu alilitangaza mpaka watu wakaanza kumkwepa njiani.

Aliajiriwa tarehe 16 Januari 1984 katika chumba cha eksirei, na hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliyeitwa kutengeneza feni, akafungua mlango wa chumba cha giza cha kusafishia picha bila hodi, mwanga ukaingia, picha za wagonjwa wa asubuhi nzima zikaungua. Dada alimnunia miezi miwili, shemeji akawa anapita kuomba radhi hata siku ambazo hakuna taa iliyoharibika, na tarehe 5 Septemba 1987 wakafunga ndoa. Shemeji yupo hapa mbele, anisahihishe kama nimetia chumvi. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwalimu, wa pili dereva, na kitinda mimba, binti aliyefuata nyayo za mama yake, akawa mpiga picha katika idara ileile.

Mashine ya ultrasaundi ilipoletwa mwaka 1993, dada alipelekwa kuisomea, akarudi na ugonjwa wa kupenda maini ya watu. Pale ambapo sisi tunaona ukungu mtupu kwenye kioo, yeye aliona ini zima, au ini lililoanza kuota makovu, kingo zake nyororo zikigeuka mabonde na vilima, bandama ikivimba, maji yakianza kujikusanya tumboni. Sheria yake ilikuwa moja, picha mpya haisomwi peke yake, inawekwa kando ya ile ya zamani, na mgonjwa alale vilevile, ashike pumzi vilevile, kwa sababu ini halisinyai kwa siku moja, na mwenye kutazama picha moja tu hawezi kujua ugonjwa unakwenda wapi. Wagonjwa walimpa jina la Mama Pumzi kwa ile amri yake, "Vuta pumzi, shikilia, shikilia, haya, pumua," na wajukuu walimwigiza mpaka akatoka machozi kwa kucheka.

Mwaka 2012, wafanyakazi wote walipopimwa, alikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, huenda tangu utotoni, na makovu yalikuwa yamekwishaanza. Nalisema hili waziwazi, dada hakuonja pombe maisha yake yote, kwa hiyo waliokuwa wakinong'ona mtaani sasa waipumzishe midomo. Alimeza dawa bila kuruka, akapigwa picha kila baada ya miezi sita, na kwa miaka mingi ini lilitulia, hata akastaafu kwa heshima tarehe 9 Machi 2021.

Oktoba 2022 aliyempiga picha alikuwa binti yake, naye akaona kingo zimeharibika, bandama imekua, na utepe mwembamba wa maji kando ya ini, moyo ukamshinda, akaandika kwamba hakuna mabadiliko. Dada aliisoma ripoti, akaitisha picha ya zamani, akaziweka pamoja, kisha akamwambia, "Hii umemwandikia mama yako. Ya mgonjwa iko wapi?" Binti akalia, dada akamwacha alie, halafu akapanda tena kitandani, akaamuru idara nzima iitwe, wajifunze juu ya ini lake, na mpiga picha awe yuleyule aliyelia. Kwa ripoti ile ya pili madaktari walibadilisha matibabu, wakaifunga mishipa ya damu ya koo la chakula iliyokuwa karibu kupasuka, nasi tukapata miaka miwili na zaidi ambayo tungeipoteza kwa sababu ya huruma, na ndani yake dada akampakata mjukuu wake wa sita.

Picha ya mwisho ilipigwa tarehe 20 Januari 2025, mpwa wangu akaweka ya zamani kando ya mpya, akamsomea mama yake yote bila kupunguza, kwamba ini limechoka na hakuna tena cha kufanya. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti karibu na mlango. Dada alimshika mkono, akasema, "Sasa hiyo ndiyo ripoti." Katika miaka yangu yote sijamwona na fahari kama ile, na leo fahari hiyo ni yetu sote. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 11 Februari 2025, mumewe na watoto wake wakiwa pembeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa idara ya picha waliokubali kufokewa na mgonjwa wao, majirani waliopika na kufua katika nyumba ile tulipokuwa tumeishiwa nguvu, na wewe mpwa wangu, uliyesema kweli siku iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Dada, umeshikilia vya kutosha, kazi imeonekana, na picha imetoka safi. Haya, pumua.