Hodi Kabla ya Makucha

*Risala ya kikundi cha wasafisha viwanja, iliyosomwa na katibu wao siku ya kuweka jiwe la msingi la zahanati*

Mgeni rasmi, uliyeacha shughuli zako ukaja kusimama nasi kwenye vumbi hili, viongozi mlioongozana naye, majirani, na nyie mliokosa viti mkajibanza kwenye kivuli cha tangi la maji: habari za saa hizi, na poleni kwa jua.

KARIBU

Mgeni rasmi, risala nyingi huanza kwa kusema wasomaji wake wamejawa na furaha isiyo kifani. Na sisi tuliandika hivyo, tukafuta. Ukweli ni kwamba tumejawa na mshtuko. Tunakukaribisha kwa moyo mmoja, viti tumevifuta, maji ya kunywa yapo, lakini ukiona mtu hapa anacheka halafu ananyamaza ghafla, usidhani ni utovu wa adabu. Bado hatujarudi sawasawa. Katibu wetu aliyeshika karatasi hii naye ameonywa asome polepole, maana jana alipojaribu kuisoma alikwama katikati akaenda kunawa uso.

Karibu sana. Kiwanja unachokiona, kuanzia ukuta ule hadi kwenye nguzo za umeme, ni kazi ya mikono yetu na ya trekta letu dogo.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza na mapanga, mashoka na migongo. Mtu akinunua kiwanja chenye vichaka, anatuita. Tunafyeka, tunang'oa visiki, tunakusanya miiba, na jioni kila mmoja anamtolea mwenzake miiba kwa sindano huku tukitaniana nani analia zaidi. Dada mmoja kati yetu, ambaye wote tunamwita Mama Pacha kwa sababu ya wanawe mapacha, alikuwa hodari wa shoka kuliko wanaume wote, na wanaume wote wapo hapa, hakuna atakayebisha.

Ndipo tukapata trekta. Dogo, linapita kwenye kichochoro. Mbele lina mikono miwili, na kwenye mikono hiyo tukafungiwa makucha: meno ya chuma yanayoingia chini ya lundo, na taya ya juu inayoshuka kulibana. Unasukuma kijiti kimoja, mafuta yanapita kwenye mabomba ya mpira, chuma kinafumba. Kisiki kilichotutoa jasho toka asubuhi, makucha yalikitoa kama mtu anayeng'oa karoti. Tulishangilia hadi mwenye kiwanja akaja kuuliza kama kuna harusi.

Wanaume waligombania usukani. Mama Pacha akawaacha wagombane, akapanda, akawasha, akaondoka. Basi, akawa dereva. Alikuwa na mkono mwepesi. Alifunga makucha taratibu, kama mtu anayeshika kifaranga, kwa sababu alisema ukilibana lundo kwa pupa matawi yanakatika na nusu yake unaiacha chini.

JINSI TULIVYOANZA KUPIGA HODI

Mgeni rasmi, dereva wa makucha haoni kilichomo ndani ya lundo. Hilo ulijue, maana ndilo lililotuleta hapa.

Wiki zile za mwanzo tulinyanyua lundo la matawi, kumbe ndani yake kuku wa jirani alikuwa anaatamia. Mwenye kuku alitutukana matusi mapya kabisa. Kuanzia siku hiyo mwenzetu mmoja, aliyewahi kuwa bawabu wa hoteli na mpaka leo jina lake ni Bawabu, akachukua fimbo akatangulia mbele ya trekta. Kila lundo analigonga, anainama, anasema kwa sauti ya mlangoni, "Hodi humo ndani! Wenyewe mpo?" Anasubiri. Pakiwa kimya, anampungia Mama Pacha mkono. Sisi tulio pembeni tunaitikia, "Karibu, pita!" na kucheka.

Ulikuwa utani. Lakini nyoka walitoka. Paka walitoka. Na wanawake wanaokusanya kuni kwenye marundo yetu walizoea, wakisikia hodi wanajibu, "Nakuja, nakuja, ngoja nifunge mzigo!" na wanatoka. Hakuna sheria iliyoandikwa popote. Ilikuwa tu ndivyo tunavyofanya kazi, na mtaa mzima ulijua.

MAFANIKIO

Tumesafisha kiwanja hiki mapema kuliko tulivyoagizwa. Tumeacha miti ya kivuli upande itakapojengwa wodi ya wazazi. Tumejifunza kufunga pipa la zege nyuma ya trekta ili lisipige mwereka likinyanyua mzigo mzito mbele. Tulikuwa na mafanikio mengine ya kusoma, lakini tukiyatazama sasa tunaona aibu kuyataja kabla ya hili linalofuata.

SIKU ILE

Mgeni rasmi, siku chache kabla ya ujio wako walikuja watu wa maandalizi. Hatuwasemi vibaya, walikuwa wametumwa nao. Wakakuta marundo bado yapo kando ya ukuta. Afisa aliyewaongoza akashika kichwa. "Jamani, haya yote yaondoke leo! Mnataka mgeni apigwe picha na takataka?" Akawaona wanawake wa kuni. "Na hawa nao watoke. Wanaharibu mandhari." Wakafukuzwa na mizigo yao nusu.

Kisha akamwona Bawabu akigonga lundo na fimbo yake, anapiga hodi. Akacheka mpaka akaegemea gari. "Yaani nyie mnabisha hodi kwa majani? Mzee, acha mchezo, njoo huku ufunge vitambaa kwenye hema. Trekta moja, dereva mmoja, inatosha."

Bawabu alitutazama. Sisi tulimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alitazama marundo, akatazama jua. Haraka ilitukaa kichwani wote, mgeni rasmi, na tulitaka uwanja usifiwe. Bawabu akaenda kufunga vitambaa.

Moto ulikuwa umeshawashwa kwenye shimo la kuchomea. Mama Pacha akawa anachukua lundo, anapeleka, anarudi. Alituambia baadaye kwamba mikono ilifanya kazi lakini masikio yalikuwa yanamwasha, kama mtu aliyesahau kitu sokoni asijue ni nini. Akalifikia lundo la mwisho karibu na ukuta. Akaingiza meno chini yake. Akashusha taya, taratibu kama kawaida yake. Akanyanyua kidogo, akageuza trekta kuelekea kwenye moto.

Njiani aliona kitambaa kinaning'inia kati ya meno. Akasema moyoni, watu bwana, hadi nguo mbovu wanatupa humu. Akaendelea. Kisha ndala ikadondoka.

Aliijua ile ndala. Mkanda wake ulikatika mwezi uliopita, na yeye mwenyewe ndiye aliyeushona kwa uzi wa bluu, akiwa amekaa kizingitini mwa nyumba yake, akimshonea wifi yake. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Wifi?"

Injini inanguruma. Moto uko mbele yake, joto lake linampiga usoni.

"Wifi! Ni wewe?"

Na sauti ikatoka ndani ya lundo. Tuliisikia wote. Bawabu aliisikia kutoka kwenye hema, akaja mbio na pini mdomoni.

"Usifungue! Usifungue hapo juu, nitaanguka vibaya. Nishushe kwanza."

Kuna mwenzetu alikaa chini kama gunia. Mwingine alianza kukimbia kuelekea upande usio na kitu. Mama Pacha mkono wake ulikuwa juu ya kijiti na ulikuwa unatetemeka, na kijiti kile hakijui kutetemeka. Ukikigusa tu, chuma kinasogea. Alimwita Bawabu, "Nishike mkono! Nishike mkono wangu jamani!" Bawabu akapanda, akamshika kiwiko, na kwa pamoja, kidogo kidogo, wakarudi nyuma kutoka kwenye moto, wakashusha lundo chini, wakainua taya.

Tulitoa matawi kwa mikono. Wifi yake alikuwa amejikunja, miiba imemwingia mpaka kwenye kope, na mguu wa kulia taya iliuvunja juu ya goti, ikamkata pumzi asiweze kupiga kelele mpaka alipoitwa. Alikuwa hai. Afisa wa maandalizi ndiye aliyembeba hadi kwenye gari lake, shati lake jeupe likalowa damu, akalia njia nzima. Tunamshukuru kwa hilo mbele yako, na amekaa pale, hatukuja hapa kumchoma. Madaktari walisema angebanwa kwa kasi zaidi kidogo tu, tusingekuwa na la kusimulia. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa zahanati hii, mgeni rasmi, amepatikana kabla jengo halijawa na hata tofali moja.

ALICHOSEMA WIFI

Tulikuwepo wodini Mama Pacha alipokaa kando ya kitanda chake. Huyu wifi si wifi wa salamu tu. Ni dada wa mumewe, ndiye aliyelala chini siku mapacha walipozaliwa ili mzazi alale kitandani, ndiye anayewapikia watoto hao mama yao akiwa kazini. Mama Pacha alilia hadi muuguzi akaja kutazama nani hasa ni mgonjwa.

"Uliingia kufanya nini humo?"

"Kuni, wifi. Walitufukuza mzigo wangu bado mdogo. Nikapitia nyuma ya ukuta."

"Na trekta? Hukulisikia trekta linakuja?"

"Nililisikia. Si ndilo hilohilo la kila siku?"

"Sasa mbona hukutoka?"

Wifi alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilikuwa nasubiri hodi," akasema. "Nilijua mtapiga hodi."

Hakusema kwa lawama. Hilo ndilo lililotumaliza. Alikaa ndani ya lile lundo, makucha yanakuja, hana wasiwasi wowote, kwa sababu alitujua. Mgeni rasmi, hatujawahi kusikia maneno mazito kama hayo, na tumeshayasikia matusi ya mwenye kuku.

Tangu siku ile Mama Pacha hajapanda trekta. Asubuhi anakuja, analifuta vumbi, anakaa kwenye ngazi yake, basi. Mumewe anasema akifika nyumbani anasimama nje ya mlango wake mwenyewe, anapiga hodi, na haingii mpaka aitikiwe. Watoto wanadhani ni mchezo, wanamchelewesha makusudi wakicheka. Yeye anasubiri tu pale nje.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa na maombi mengi, tumeyapunguza.

Tunaomba ile kauli ya trekta moja, dereva mmoja, iishie hapa hapa kiwanjani. Makucha yakienda kazini yaende na watu wawili, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kutangulia, na huyu wa kutangulia ahesabiwe kuwa mfanyakazi kama wenzake. Asiitwe kufunga vitambaa.

Tunaomba wanawake wa kuni wasifukuzwe. Wapewe siku yao ya kuchukua kuni, mchana kweupe, kwa njia ya mbele. Mtu aliyefukuzwa hurudi kwa nyuma, na nyuma ndiko dereva asikoona.

Ombi la mwisho linahusu leo. Ratiba yako inasema kwamba baada ya risala hii utapanda kwenye trekta, utasukuma kijiti, na utanyanyua lile lundo dogo lililowekwa pale mbele kwa ajili ya picha. Limepambwa na riboni. Tunakuomba, kwa heshima zote, usipande.

Fimbo ya Bawabu ipo hapa kando ya kipaza sauti. Tunakuomba uichukue, uvuke uwanja kwa miguu mbele ya watu wote hawa, uligonge lile lundo, na upige hodi. Kwa sauti, mheshimiwa, usione haya. Mama Pacha amesema akisikia hodi ikitoka mdomoni mwako, atajaribu kupanda. Hakuahidi, amesema atajaribu. Na wifi yake, yule pale mstari wa mbele mwenye mguu kwenye plasta, amekataa kubaki wodini leo. Amesema lazima awepo mtu wa kuitikia.

Utasema lundo la riboni haliwezi kuwa na mtu. Pengine. Lilipangwa asubuhi, watoto wamekuwa wakizunguka humu tangu hapo, na sisi wote tulikuwa tunakutazama wewe. Ukituuliza kama ndani hamna mtu, jibu letu ni kwamba hatujui. Bado hakuna aliyepiga hodi.

Mungu akulinde uendako na urudiko, na kila njia utakayopita akupe mtu wa kutangulia. Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, ambao hadi asubuhi ya ajali tulijiita Kikundi cha Makucha ya Chuma, na kuanzia leo tunaitwa

KIKUNDI CHA HODI KWANZA